Majani ndani ya labo: ile rangi inayopotea inatuambia nini?

Kama umepita sokoni Kadutu ao Birere, umesikia ile megafoni. Inapiga toka asubuhi: unga wa moringa, unga wa mubirizi, unga wa majani ya mapera, kila kimoja ndani ya kifurushi cha plastiki kilichofungwa kwa moto wa mshumaa. Zamani muuzaji alikuwa anasema tu "dawa ya babu". Sasa ameongeza maneno: "Imepimwa mu labo, iko na antioksidanti!" Na kwenye kifurushi kuna karatasi ndogo iliyochapwa kwenye kompyuta, na namba yenye koma katikati.

Wasikilizaji wetu wanauliza: hiyo antioksidanti ni kitu gani? Kama labo imesema ndiyo, si ni dawa ya kweli?

Mimi mwenyewe niliuliza hivyo nyuma ya mambo yaliyotokea nyumbani. Mama mudogo wangu ana tansio, yaani damu inapanda, na munganga alimupa vidonge vya kunywa kila siku. Akanunua kifurushi cha majani. Muuzaji alimwambia vidonge ni kemikali, majani ni ya asili na yamepimwa. Akaacha vidonge. Wiki kadhaa nyuma yake tulimbeba usiku kwenye pikipiki, kichwa kinapasuka, mkono mmoja umelegea. Alipona, asante Mungu. Nilipomuuliza alijibu: "Mwanangu, si walisema imepimwa?"

Hakusema uongo. Inawezekana majani yale yalipimwa kweli. Shida ni kujua yalipimiwa nini. Ndiyo sababu nilienda kukaa siku mbili ndani ya labo ya kemia ya chuo kikuu kimoja hapa kwetu, kando ya mwanafunzi mmoja anayemaliza masomo yake na kazi ya mwisho juu ya majani ya mubirizi. Nilitaka kuona kwa macho yangu.

Mbele ya labo, tuanzie jikoni. Kata avoka katikati, uiache juu ya meza. Nyuma ya saa moja ao mbili inageuka rangi, inakuwa ya kahawia. Kata nyingine, uipake ndimu: inakawia sana kugeuka. Hewa tunayopumua iko na oksijeni, na oksijeni inakula vitu polepole. Inakula avoka, inakula mabati ya nyumba tunasema yameota kutu, inakula mafuta yaliyokaa muda mrefu mpaka yananuka vibaya. Ndani ya ndimu kuna vitamini C na ukali wake, na vyote viwili vinazuia ile kazi. Kitu kinachozuia oksijeni kula kitu kingine, hicho ndicho wanaita antioksidanti. Mafuta yetu ya mawese iko na antioksidanti ya kwake: ile rangi nyekundu ni karotini, na ndani kuna vitamini E pia.

Ndani ya mwili mambo yanafanana, lakini ni magumu zaidi. Seli zetu zinatumia oksijeni kutengeneza nguvu, na katika ile kazi vinatokea vipande vya molekuli ambavyo vimekosa elektroni moja. Vinaitwa radikali huru. Elektroni zinapenda kukaa mbili mbili; radikali iko na moja isiyo na mwenzake, basi inazunguka ikitafuta kunyang'anya kwa jirani. Ikinyang'anya kwenye mafuta ya ngozi ya seli ao kwenye kitu kinachobeba urithi wetu, inaharibu. Moshi wa sigara unaongeza radikali hizi, jua kali juu ya ngozi pia. Antioksidanti ni molekuli inayokubali kutoa elektroni yake bila yenyewe kuwa hatari, na vita inaishia pale.

Lakini wengi wanasahau kitu kimoja: mwili haukungojea unga wa sokoni. Uko na askari wake wenyewe, enzimu ambazo kazi yao ni kuzima radikali hizi mchana na usiku. Tena radikali zote si adui. Chembe nyeupe za damu zinazitengeneza makusudi ili kuua vijidudu. Kuzimaliza zote haingekuwa faida.

Turudi kwenye labo.

Siku ya kwanza hakuna kemia, kuna kazi ya mikono tu. Majani yamechumwa, yameoshwa, yamekauka kivulini. Kivulini, si juani, juu jua linaharibu sehemu ya kile unachotaka kupima. Mwanafunzi alikuwa ameweka pia tawi moja zima, lenye maua, limebanwa kati ya magazeti. Nilifikiri ni mapambo. Kumbe ni kitambulisho cha mmea. Tawi hilo linapelekwa kwa watu wa botania ili waseme kwa hakika ni mmea gani, kwa sababu majina yetu yanachanganya. Kile tunachoita mubirizi huku Bushi, jina lake la sayansi ni Vernonia amygdalina. Siku hizi wengine wanaandika Gymnanthemum amygdalinum. Jina moja la kijiji linaweza kubeba miti miwili, na mti mmoja unaweza kubeba majina kumi. Kituo cha utafiti cha Lwiro, kule Kabare, kile cha toka wakati wa Wabeleji, iko na hifadhi ya matawi makavu kama hayo. Bila tawi, hakuna anayejua kesho kilichopimwa leo.

Majani makavu yanasagwa, yanapimwa kwa mzani, yanalowekwa. Hapa niliuliza swali la kijinga ambalo halikuwa la kijinga: yanalowekwa ndani ya maji? Hapana. Yeye alitumia metanoli. Nilipokaribia chupa kuangalia, akanishika mkono: "Yaya, usiguse, hiyo ni sumu, inapofusha macho." Na ni kweli, metanoli ni ile alkoli mbaya inayoua ao kupofusha watu wanapokunywa pombe iliyochanganywa vibaya. Labo inaipenda juu inatoa vitu vingi ndani ya majani kuliko maji. Nyuma ya siku moja mpaka tatu wanachuja, wanakausha ile alkoli kwa mashine inayozunguka, na inabaki kitu kizito kama gundi, kijani karibu nyeusi. Hiyo ndiyo ekstre.

Simama hapo kidogo. Kile kinachopimwa si chai ya majani uliyochemsha nyumbani. Ni kile alkoli kali imevuta. Mama anayetia majani ndani ya maji ya moto anapata vitu vingine, kwa kipimo kingine. Wengine wanapima ekstre ya maji pia, na ni vizuri. Lakini ukisoma "imepimwa" bila kusema kwa maji ao kwa alkoli, bado hujasoma kitu.

Siku ya pili ndiyo ya rangi. Ndani ya friji, kwenye kichupa kilichofungwa na karatasi ya aluminiamu, kuna unga mweusi-zambarau. Jina lake ni refu, watu wanasema DPPH tu. Wanakemia Goldschmidt na Renn waliuandika mara ya kwanza mwaka 1922. Ajabu ya unga huu ni kwamba ni radikali huru iliyotulia. Radikali nyingine zinaishi muda mfupi sana, huwezi kuziweka ndani ya chupa. Hii unaweza kuinunua, kuipima, kuifungia. Mwaka 1958, mtafiti Blois alionyesha katika gazeti la Nature namna ya kuitumia kupima antioksidanti. Toka siku ile mpaka leo, karibu kila labo ndogo ya Afrika inayopima majani inaanza na kipimo hiki, juu hakihitaji mashine ya bei kali.

Mwanafunzi aliyeyusha unga kidogo ndani ya alkoli. Rangi ya zambarau nzuri, kama kitambaa cha padri wakati wa Kwaresima. Akapanga vitubu vidogo msururu mmoja. Kwenye kila kitubu akatia zambarau ile ile, kisha akaongeza ekstre ya majani: kidogo sana kwenye cha kwanza, zaidi kidogo kwenye cha pili, hivyo hivyo mpaka mwisho. Kitubu kimoja hakikupata majani hata kidogo. Hicho ndicho cha kulinganisha. Msururu mwingine ulipata vitamini C safi badala ya majani. Akavifunika vyote, akavitia gizani dakika 30.

Dakika ya 20 umeme ukakatika. Hiyo pia ni sehemu ya sayansi ya kwetu. Tulingoja, umeme ukarudi nyuma ya saa nzima, na yeye akamwaga vyote akaanza upya, kwa sababu dakika 30 ni dakika 30. Huwezi kulinganisha kitubu kilichongoja nusu saa na kile kilichongoja saa moja na nusu. Nilimwona akihesabu unga uliobaki ndani ya kichupa. Unaagizwa toka nje, na haukuwa mwingi.

Mara ya pili alipofungua giza, nilielewa. Kitubu kisicho na majani kimebaki zambarau. Vingine vimefifia polepole, na vya mwisho vimekuwa njano. Majani yametoa elektroni, ile radikali imepata mwenzake, imetulia, rangi imekufa. Ni kitu kizuri kuangalia, sitaki kudanganya. Ukiona hivyo mara ya kwanza unasikia hamu ya kusema: majani haya ni dawa!

Mashine inayoitwa spektrofotometa ndiyo inasoma rangi, juu jicho linadanganya. Inapitisha mwanga wa nanometa 517 ndani ya kitubu na kusema ni kiasi gani kimezuiliwa. Tuseme kitubu kisicho na majani kimeandika 0,80 na kile chenye majani 0,20. Imepotea 0,60 juu ya 0,80, yaani asilimia 75 ya zambarau imezimwa. Kila kipimo kinarudiliwa mara tatu. Na kwa kuwa ekstre yenyewe ni ya kijani, inabidi kupima pia majani peke yake bila DPPH, ili kijani chake kisihesabiwe kama zambarau. Wavivu wanaruka hatua hiyo, na namba zao hazina maana.

Mwisho wanatafuta namba moja wanayoita IC50: ni kiasi gani cha ekstre kinatosha kuzima nusu ya rangi. Na hapa kuna mtego ambao niliuona hata kwenye karatasi za sokoni. Namba hii inasomwa kinyume. Kama majani ya kwanza iko na 20 na majani ya pili iko na 200, yenye nguvu ni ya kwanza, juu yalihitaji kidogo ili kufanya kazi ile ile. Muuzaji anayejisifu kwamba namba yake ni kubwa anajipiga mwenyewe. Tena namba lazima iwe na kipimo chake, mara nyingi mikrogramu kwa mililita, na iwekwe kando ya vitamini C iliyopimwa siku ile ile. Karibu kila mara vitamini C safi inashinda ekstre ya majani mabichi ya kazi, na hilo si aibu, maana ekstre ni mchanganyiko wa vitu vingi.

Vipimo vingine viko. Kuna cha Folin na Ciocalteu, cha mwaka 1927, kinachogeuka bluu na kuhesabu fenoli zote kwa jumla, zile molekuli ambazo mara nyingi ndizo zinafanya kazi ya antioksidanti ndani ya majani. Kuna FRAP ya Benzie na Strain, ya mwaka 1996, inayotumia chuma. Kuna ABTS. Kazi nzuri inatumia viwili ao vitatu, juu kila kimoja kinaona upande wake tu. Sitakaa hapo zaidi.

Sasa swali la mama mudogo. Imepimwa, je, inaponya?

Ndani ya kile kitubu hamna moyo, hamna mshipa wa damu, hamna sukari, hamna ini. Kuna unga mmoja uliotengenezwa na watu, ambao hauko popote ndani ya mwili wa binadamu, na kuna majani. Kipimo kimejibu swali moja: je, haya majani yanaweza kutoa elektroni? Yamejibu ndiyo. Na karibu kila jani la kijani litajibu ndiyo, kwa sababu jani linakaa juani siku nzima na lazima lijilinde. Mapera, mwembe, avoka, chai, sombe, matembele, lengalenga, hata majani ambayo mbuzi anakataa. Kujua kwamba jani iko na antioksidanti ni kama kujua kwamba mtu iko na mikono miwili. Bado hujajua kama ni fundi.

Nyuma ya kumeza, mambo yanabadilika tena. Tumbo linavunja, sehemu kubwa ya fenoli hizi haivuki kuingia damuni, na ile inayovuka ini linaigeuza haraka kuwa kitu kingine. Kile kilichozima zambarau ndani ya kitubu kinafika kwenye seli kidogo sana, tena kikiwa kimebadilika sura.

Watu wa nchi tajiri walijifunza hili kwa bei kali. Walisema: karotini ni antioksidanti, wavuta sigara wako na radikali nyingi, basi tuwape vidonge vya karotini, kansa ya mapafu itapungua. Huko Finlandi walifuata wanaume 29.133 wavuta sigara. Matokeo yalitoka mwaka 1994: waliokunywa karotini walipata kansa ya mapafu zaidi, asilimia 18 zaidi ya wale ambao hawakuipata. Marekani walikuwa na utafiti mwingine wa watu zaidi ya 18.000, wavuta sigara na waliofanya kazi na amianti, waliopewa karotini pamoja na vitamini A. Waliusimamisha mbele ya wakati, Januari 1996, kwa sababu kansa ilikuwa imepanda asilimia 28. Karotini ni ile ile inayofanya mawese kuwa mekundu. Ndani ya chakula haina neno. Ndani ya vidonge, kwa kipimo kikubwa kila siku, kwa mvuta sigara, ilileta madhara. Mambo hayo kitubu hakingeweza kuyatabiri.

Tena wizara ya kilimo ya Marekani ilikuwa na orodha kubwa ya vyakula na nguvu zao za antioksidanti, zilizopimwa labo kwa njia inayoitwa ORAC. Mwaka 2012 waliiondoa. Walisema namba hizo hazionyeshi faida ndani ya mwili wa mtu, na kampuni zilikuwa zinazitumia vibaya kuuza bidhaa. Megafoni ya Kadutu haikuanza Kadutu.

Na kuna kitu cha pili ambacho rangi haioni: sumu. Chukua sombe yetu. Majani ya muhogo iko na fenoli nyingi, yatazima zambarau vizuri sana. Lakini mabichi iko na linamarini, ambayo ukitwanga inatoa sianidi. Mama zetu bila labo walijua: unatwanga ndani ya kinu, unachemsha muda mrefu bila kufunika sana, na ile sumu inaruka na mvuke. Muhogo mchungu usiolowekwa vizuri ndio unaoleta konzo, ule ugonjwa wa kupooza miguu ulioandikwa kwanza na daktari Trolli huko Kwango mwaka 1938. Sasa fikiria kijana anayekausha majani mabichi ya mti fulani, anasaga, anatia ndani ya kifurushi, anaandika "antioksidanti". Kipimo chake kimesema kweli na bado unga wake unaweza kukudhuru.

Basi je, elimu ya wazee juu ya mubirizi ni bure? Hapana, na hapa sitaki munielewe vibaya. Ng'ambo ya ziwa Tanganyika, kwenye milima ya Mahale upande wa Tanzania, karibu kuangaliana na Kalemie yetu, mtafiti Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, mtu wa pale anayejua miti, waliona mwaka 1987 sokwe mgonjwa akichuna tawi la mubirizi, anatupa maganda na majani, anatafuna kiini kichungu. Kesho yake alikuwa na nguvu tena. Watu wa pale wanautumia mti huo kwa ugonjwa wa tumbo. Watafiti waliofuata hawakutafuta rangi ya zambarau. Walitafuta vitu vichungu vinavyopiga minyoo. Vilevile kuna kazi nyingi zilizofanywa juu ya panya ambazo zinaonyesha mubirizi unaweza kushusha sukari. Hilo ni neno la kufuata kwa makini, na ni neno la hatari pia: mtu anayekunywa vidonge vya sukari akaongeza majani yanayoshusha sukari bila kumwambia munganga anaweza kuanguka.

Namna ya kwenda toka jani mpaka dawa tunaijua, hata hapa Bukavu ambako ganda la kinkina linageuzwa kuwa kinini. Pelletier na Caventou walitoa kinini ndani ya ganda hilo mwaka 1820. Toka siku hiyo mtu aliweza kujua ni miligramu ngapi anakunywa, badala ya kuonja ganda na kukisia. Muchina Tu Youyou, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2015, alikuwa na mmea wa artemisia uliofanya kazi mara moja na kushindwa mara nyingine. Alisoma tena kitabu cha zamani cha kwao ambamo walikamua mmea ndani ya maji ya baridi, akaelewa kwamba moto unaharibu. Akatumia eta badala ya kuchemsha, na dawa ya malaria ikapatikana. Katika safari hizo mbili, walitafuta ni kitu gani kinafanya kazi, juu ya ugonjwa gani, kwa kipimo gani, na kwa hatari gani. Kipimo cha rangi ni hatua ya mlangoni.

Nilimuuliza mwanafunzi kama basi anapoteza wakati. Alicheka. Alisema kipimo kinamsaidia kuchagua: kati ya miti 20 waliyotaja wazee, ni ipi ianze kwenda mbele kwa wanyama wa labo, na ni sehemu gani ya ekstre yenye nguvu. Alisema pia kuna faida ambayo hakuna mtu anayeipigia megafoni: kulinda chakula. Viwanda vinatia antioksidanti ndani ya mafuta ili yasinuke, na ekstre ya romarini inatumika kwa kazi hiyo. Mama anayeuza mawese ao samaki mkavu, ambaye bidhaa yake inaharibika mbele ya kufika soko, labda yeye ndiye wa kwanza kufaidika na jani la kwetu. Hapo oksijeni inakula mafuta ndani ya chupa, na kipimo cha chupa kinafanana na kazi ya chupa.

Nilikuwa nimebeba kile kifurushi cha mama mudogo ndani ya mkoba. Nilimuonyesha. Aliigeuza karatasi, akasoma: "Activité antioxydante: 0,043." Akaniuliza: 0,043 ya nini? Hakuna kipimo. Mmea gani? Wameandika "plantes naturelles". Kwa maji ao kwa alkoli? Hakuna. Labo gani, tarehe gani? Hakuna. Alinusa unga, akasema anadhani mna moringa na kitu kingine, lakini hawezi kuapa. Hayo maswali yake matano mtu yeyote anaweza kumuuliza muuzaji pale pale sokoni, na la sita ni hili: walipima juu ya ugonjwa wangu, kwa watu, ao walipima rangi tu?

Nilimuuliza pia infirmie wa kituo chetu cha afya. Hakutukana majani. Alisema anapenda mgonjwa amwambie kila kitu anachokunywa, hata chai ya mapera, ili asishangae. Na kwamba kidonge cha tansio hakiachwi kwa sababu umesikia vizuri. Unasikia vizuri kwa sababu unakunywa. Kwa mama wajawazito na wale wenye damu kidogo aliongeza jambo moja: chai nzito na vinywaji vya majani machungu visinywewe pamoja na chakula, maana zile fenoli zinashika chuma kilicho ndani ya chakula na mwili haukipati. Ile ile nguvu inayosifiwa kwenye karatasi.

Kuhusu sombe, lengalenga na matembele, hakuna mtu niliyekutana naye ndani ya labo wala kituo cha afya aliyesema tupunguze. Zinaliwa zikiwa zimepikwa, pamoja na vitu vingine mia ambavyo hakuna kitubu kinavyovihesabu, na bei yake kwa fungu ni chini ya kifurushi kile.

Nilimrudishia mama mudogo unga wake na kumweleza hadithi ya zambarau. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Kwa hiyo ilipima rangi, haikupima mimi." Siku ya Jumanne alienda kituo cha afya, wakamfunga ile mashine mkononi, wakaandika namba mbili ndani ya fishi yake.